Makofi Yaliyoniingiza Chuoni Kasulu

Mjukuu wangu Uwimana ananisumbua: "Bibi andika, bibi andika." Mkono huu umezoea cherehani, kalamu naishika kama mwiko. Haya, naandika, mniache nipumzike.

Mwaka 1975 baba alinipeleka chuo cha ushonaji huko Kibondo. Chuo gani! Cherehani moja, imefungiwa stoo. Mwaka mzima tulilima karanga za mkuu wa chuo. Sindano niliishika kutoa mwiba mguuni tu. Nikakataa kurudi. Baba akasema, "Basi nenda Kasulu ukaombe mwenyewe. Wakikukataa, unaolewa na Nsabimana." Nsabimana! Mzee ana mapengo, kutwa kusifia ng'ombe wake.

Nikapanda lori la maharage. Kasulu nikamkuta mkuu wa chuo, Mwalimu Veronica, mtu wa Songea, kasimama mlangoni. Nikapiga magoti, nikaanza, "Mwakeye, mama," na makofi polepole, kama tunavyosalimia wakubwa. Kwetu mdogo hanyanyuki mpaka mkubwa amshike mikono. Yeye hakujua.

"Nafasi zimejaa, binti. Inuka."

Niinuke vipi sijapokelewa? Nikaendelea kupiga makofi.

"Nimesema zimejaa!"

Akaingia ofisini, akatoka, bado nipo. Wanafunzi wakajaa madirishani. Mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, huyu kaleta ngoma!" Viganja vinawaka moto, lakini kuondoka hivyo ni sawa na kufukuzwa.

Ndipo mpishi, Generosa, Muha mwenzangu, akatoka jikoni. "Mwalimu, huyo anakusalimia. Mshike mikono, la sivyo atapiga mpaka ugali uive na uliwe."

Mwalimu akainama, akanishika mikono yote miwili. Akaviona viganja vyangu vyekundu.

"Umetoka wapi na ubishi huu?"

"Mabamba, mama."

"Cherehani unaijua?"

"Siijui. Naijua karanga."

Akacheka mpaka akajifuta machozi. "Kiti hakuna."

"Nitakaa chini."

Na nilikaa chini, muhula mzima. Jioni Mwalimu mwenyewe alinifundisha kushika mkasi. Leo sare za watoto wa Mabamba nimeshona mimi, na wanangu wamesoma kwa mikono hii. Mungu amlaze pema Mwalimu wangu, na Generosa pia, aliyeniokoa na mapengo ya Nsabimana.

Nimemaliza. Na wewe unayesoma, yupo mtu aliyekufungulia mlango. Weka karatasi hii chini, nenda kwake leo, upige magoti. Usinyanyuke mpaka akushike mikono.