Msimuue Roboti wa Mwanangu

Juzi usiku wa manane nilisikia sauti ndogo kitandani. Mwanangu anamnong'oneza roboti wake wa plastiki, "Usife, mama ataenda kuwaambia." Jamani, niliogopa, maana tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu mdomoni.

Midoli hiyo ya roboti imejaa Kariakoo tangu biashara ya nje ifunguliwe, na wapo watu wazima wanaoipenda kuliko watoto. Wawili kati yao, muuza midoli na fundi gari wa Gerezani, huwatungia maroboti hao hadithi, wakazidurufu, zikazunguka mtaani. Ya mwisho, niliyomsomea mwanangu, ilimwacha roboti mkubwa, ndiye huyo wake, kalala ufukweni Feri, kifua wazi, macho yanazimika.

Kulipokucha nikambeba mtoto mpaka Mchafukoge, kwenye duka wanakopigia taipu hadithi zao. Nikawakuta wanabishana.

"Afe! Shujaa asipokufa nani atalia?" alisema muuza midoli.

"Afe vipi na mimi nipo?" fundi akamaka. "Gerezani hakuna kinachokufa, bwana. Kuna kukosa spea tu."

Nikaingilia, hata salamu nikaisahau. "Kaka zangu, msimuue. Mwanangu hataki kula."

Wakamtazama mtoto, roboti kamkumbatia. Muuza midoli akafuta miwani, akaifuta tena. Fundi akainama, akamnong'oneza mwanangu sikioni, kisha mimi.

"Mama, njaa," mtoto akasema.

Wasomaji, najua mtaniuliza walichoamua. Hadithi haijatoka, na fundi aliniapisha. Sitamwambia mtu mwingine, hata baba wa mwanangu, ambaye tangu jana ananisumbua kuliko mtoto.