Mchinjaji wa Kuku Walioinama

Andika ninavyosema, wala usinipambie maneno. Nyinyi vijana mkimwona kuku amesinzia mnampiga picha na kumtumia mtu aliye mbali awaambie ana nini. Sisi tulimgeuza, tukamtazama nyuma, tukamfungua mdomo. Bila shaka njia yenu ni safi zaidi.

Mimi sikukalia dawati hata siku moja. Qur'ani niliishika kwa masikio, na magonjwa ya kuku niliyashika kwa vidole, ndani ya kuku wenyewe. Katika miaka ile ya mwanzo wa tisini nilikuwa ninachinjia mtaa wetu wa Gitega, ule wa Rwanda. Redio ilikuwa na mengi ya kusema miaka ile, na wengine watakueleza hayo. Mimi ninaeleza ya kuku, kwa sababu katika ya kuku nina kosa langu mwenyewe.

Elewa kwanza desturi yetu. Mwislamu hali kibudu. Kuku akishakufa bila kisu, amepotea, na pamoja naye umepotea mchuzi. Kwa hiyo mtaani kwetu kuku aliyeinama kichwa asubuhi hakupewa dawa. Aliitiwa mchinjaji. Mwanamke alinijia mbio, kanga imemdondoka begani, akisema, "Muzee, upesi, kuku yangu inafunga macho!" Nami nilikwenda na kisu changu, nikachinja, nikamfungua, nikapewa firigisi kwa shukrani, nikaitwa nyumba inayofuata. Hivyo ndivyo tulivyotibu kuku. Hakuna mgonjwa aliyewahi kulalamika.

Lakini aliyefungua kuku kila siku kwa miaka ishirini hujifunza, hata akiwa mjinga. Upanga wa kichwa ukiwa mweupe na kifua kikiwa kikali kama ukingo wa sahani, nilijua utumbo umejaa minyoo kabla sijaupasua. Vifaranga wakiharisha damu, sikuuliza wamekula nini. Niliuliza matandiko ya banda yamelowa tangu lini. Vidonda vyeusi vya ndui usoni nilivisafisha kwa maji ya chumvi, na mwenye kuku nilimkataza kuvibandua. Na miguu yenye magamba yaliyoinuka, hiyo ni kazi ya wadudu wadogo usioweza kuwaona hata ukivaa miwani yako hiyo.

Mara nyingi niliona kabisa kwamba kuku hahitaji kisu. Nilikuwa nikisema hivyo, na sikupendwa kwa kusema hivyo.

"Huyu ana ukurutu wa miguu tu," nilimwambia mama mmoja. "Mpake mawese yenye mafuta ya taa kidogo. Siku chache magamba yatadondoka."

"Na maji nimekwisha kubandika, muzee?"

"Kunywa chai."

Hakunisalimia mwezi mzima.

Nyumbani kwetu bibi yako alikuwa na kuku kumi na mmoja, nao hawakuwa wa kuuzwa wala wa wageni. Walikuwa wa arobaini. Mama yako, binti yetu wa kwanza, alikuwa ameolewa Kanombe, na alikuwa anatarajia kuja kwetu kujifungua mimba yake ya kwanza, kama binti anavyorudi kwa mama yake. Zahanati walimwambia damu yake ni kidogo. Ukimfunua kope la chini, ndani palikuwa peupe kama upanga wa kuku mwenye minyoo. Nilimwambia mfano huo, akalia. Bibi yako hakulia. Alihesabu kuku wake akasema, "Atakunywa mchuzi siku arobaini, na sitaki kusikia neno." Mchuzi huo ulikuwa ndiyo dawa aliyoijua, na kuku hao ndio waliobeba roho yake yote miezi ile. Aliwapa maji safi asubuhi na jioni, akawamwagia majivu wajipake dhidi ya chawa, akabadilisha nyasi za banda kila Ijumaa. Wanane walilala bandani. Watatu walikuwa wanaatamia katika jiko la nje, mahali ambapo mimi sikuingia, kwa heshima ya mwanamume, yaani kwa uvivu.

Kiangazi kilipoingia, jirani yetu fundi cherehani alirudi kutoka soko la Nyabugogo na jogoo mkubwa ambaye muuzaji alikubali bei ya kwanza bila hata kuapa kwa mama yake. Muuzaji wa Nyabugogo asiyebishana! Mtu mwenye akili angemrudishia jogoo na kumwombea dua. Fundi alitutembelea nyumba kwa nyumba akitusifia ushindi wake.

Baada ya siku tatu aliniita. Jogoo alikuwa anapumua mdomo wazi, akikoroma, anaharisha kijani, na shingo imepinda hata kichwa kinatazama mbinguni. Ugonjwa huo Wanyarwanda wanauita umuraramo, kwa sababu ya shingo hiyo. Watanzania wanauita kideri. Nilichinja, nikamfungua, nikatafuta lile tumbo dogo linalotangulia firigisi. Nikaona ndani yake vitone vya damu vimepangwa kama shanga. Nilikwisha kuviona miaka ya nyuma, na kila nilipoviona mtaa ulibaki bila jogoo wa kuamsha watu.

"Huu hauna dawa," nilimwambia. "Chimba shimo, uzike manyoya na matumbo. Usitupe mtaroni, kuku wa watu watadonoa."

"Ndiyo, muzee," alisema fundi, na niliposhika njia nilisikia matumbo yakianguka mtaroni.

Nilikasirika, na hasira hiyo ilinifaa sana, kwa kuwa ilinipa mtu wa kulaumu. Nilifuta kisu kwenye majani, nikavaa makubazi yangu ya tairi, nikaenda kwa muuza mkaa aliyekuwa na mgeni na aliyetaka achinjiwe kuku mzima, asiye na ugonjwa. Nilipofika nilimpa mawaidha kamili. Usinunue kuku Nyabugogo kiangazi hiki. Usiwachanganye wageni na wenyeji. Mtenge anayekoroma. Nilisema yote hayo nikiwa nimesimama katikati ya kuku wake, na damu ya jogoo wa fundi ikiwa bado kwenye visigino vyangu.

Siku chache baadaye kuku wa muuza mkaa waliinama wote. Niliitwa nikachinja weupe wanne kwa mpigo. Kutoka hapo kwa mama wa chapati, na kutoka kwa mama wa chapati kwa mpiga pasi. Kila nyumba nilihubiri usafi. Sijawahi kuhubiri vizuri kama wiki zile. Mtaa mzima ulinuka supu, sahani zilipita uani zikiwa zimefunikwa vitambaa, watu wakiambiana "karibu, jirani" na kupeana ugonjwa kwa adabu zote.

Kati ya ua wa muuza mkaa na ua wa mama wa chapati palikaa mama mmoja Mkatoliki, aliyekulia Bujumbura. Kuku wake sita walikuwa wanaparua taka wakiwa wamenenepa, macho makali. Jambo hilo liliniudhi. Nilisimama kwenye uzio wake.

"Mama, kuku wako unawapa dawa gani?"

"Mtama na maji, muzee."

"Haiwezekani. Kulia wamekufa, kushoto wamekufa."

"Wangu hawajapata baraka ya kisu chako," alisema, akiendelea kupepeta mchele. "Mimi nachinja mwenyewe, kwa hiyo wewe hauingiake hapa."

"Unacheka nini?"

"Nacheka njia yako. Fundi, kisha muuza mkaa, kisha mama wa chapati, kisha mpiga pasi. Kuku ya muuza mkaa ilikuwa mzima siku ulienda kuchinjia mgeni. Mtaro unapita kwangu pia, muzee. Wewe ndio haupiti."

Nilimwambia kwamba mimi nimefungua kuku wengi kuliko nywele za kichwa chake. Akajibu kuwa hilo ndilo alilokuwa anasema.

Nilirudi nyumbani nikiwa na kichekesho cha kumsimulia bibi yako. Nilimkuta mlangoni mwa banda, nikavua makubazi hapo hapo kama kawaida yangu, nikaanza. Nilimwigiza yule mama, sauti yake na ungo wake. Bibi yako hakucheka. Aliinama, akaokota kubazi moja, akaligeuza. Kwenye damu iliyoganda kati ya kanda na tairi palikuwa na unyoya mweupe.

"Sisi tuna kuku mweupe?" aliuliza.

Nilitaka kuendelea na ungo wa yule mama.

"Nakuuliza, baba watoto. Tuna kuku mweupe?"

"Hatuna."

Aliyarusha makubazi juu ya uzio mpaka njiani. Kisha akaniangalia miguu, nikaelewa kwamba miguu nayo ingefuata kama ingekuwa inavuliwa.

Siku ya pili yake kuku mmoja wa bandani alijikunyata, mabawa yamelegea. Mkono wangu ulikwenda kwenye kisu wenyewe. Miaka ishirini si mchezo.

"Weka," alisema bibi yako.

"Atakuwa kibudu."

"Awe. Ukimchinja huyu utataka kumpelekea fundi sahani, na mpiga pasi, na manyoya yatakwenda na upepo. Na wewe utatoka hapo uingie jikoni kunawa, kwa wale watatu. Weka kisu!"

Kuanzia saa ile nilifukuzwa uani. Wale watatu wa jikoni aliwatenga. Walikuwa na chombo chao cha maji, na yeye alikuwa na kandambili zake zisizovuka kizingiti, na sabuni ya mikono nje ya mlango. Mtoto wa jirani aliyekuja kuomba moto alipewa makaa nje, juu ya kigae. Wa bandani walikwisha wote wanane kwa siku sita. Mimi nilichimba shimo, refu hadi kiunoni, nikawafukia na majivu mengi. Nikiwa bado ndani ya shimo, mpiga pasi alipita.

"Jamani, mchinjaji anazika kuku! Nyama yote hiyo!"

"Pita," nilimwambia.

"Si ungetuita tule pamoja?"

"Tumekwisha kula pamoja vya kutosha."

Ijumaa iliyofuata, watu walipotoka msikitini wakiwa bado wanatafuta viatu, nilisimama nikasema kwamba ugonjwa haukuletwa na upepo wala na mwewe. Jogoo alimnunua fundi, matumbo aliyatupa fundi, lakini nyumba kwa nyumba niliutembeza mimi, kwa miguu yangu na kisu changu. Nikasema kuanzia leo siingii ua wa mtu. Mwenye kuku mgonjwa amtenge, amzike akifa. Mwenye kuku mzima anayetaka kumla amlete barabarani, na kisu kitapita motoni kwanza. Na wale waliobakiza kuku wazima wakatafute chanjo ya tone la jicho kwa watu wa mifugo, kwa sababu umuraramo ukishaingia, mwenye shahada na asiye na shahada wanachimba shimo sawasawa.

Kisha mzee mmoja wa nyuma akauliza, "Na zile firigisi utaturudishia?" Wakacheka mpaka imamu akatoka kutazama. Nikawaacha wacheke. Fundi ndiye aliyecheka zaidi, na hilo nimelisamehe juzi tu.

Mama yako alikuja kwetu, akajifungua kaka yako mkubwa mwezi uliofuata, akiwa dhaifu hata kikombe alishikiwa. Kuku wa arobaini walikuwa watatu, na siku ni arobaini. Bibi yako alipiga hesabu hiyo usiku na mchana asinipe hata matusi, na afadhali angenipa. Asubuhi ya kwanza aliniita nje. Nilisimama njiani peku, nimenawa miguu kwa sabuni, akanipitishia kuku juu ya uzio, miguu imefungwa. Nilichinja hapo, wapita njia wakinitazama kama mwizi aliyekutwa na kitoweo. Nikamrudishia juu ya uzio.

"Na mimi niingie?"

"Ukoge kwanza. Ubadilishe nguo."

Yule mama wa Bujumbura alikuja wiki ya pili, na kuku wawili kikapuni, bila kuitwa. Hakusema "nilikuambia". Alisema, "Hawa ni wa mzazi," akaketi chini kwenye mkeka, akamfunua mama yako kope la chini, akalitazama muda mrefu. Wiki ya tano alilitazama tena.

"Njoo uone, muzee," akaita. "Lakini usimame hapo hapo mlangoni."

Nikasimama mlangoni. Ndani ya kope palikuwa pekundu.