Mtihani Wangu wa Lishe Bora

Chuoni, kule bara kwenye baridi, tulifundishwa kwamba jamii haiendelei mpaka ijue mahitaji yake. Yenyewe haiyajui, huambiwa. Kazi ya kuiambia ndiyo tuliyokuwa tukiisomea, sisi walimu wachache wa kike tuliotolewa madarasani tukaongezewe elimu ya ustawi wa jamii. Tulifuma soksi za watoto kwa sufu, tukaoka keki ndani ya debe, tukajifunza kuuliza maswali ya nyumba za watu kwa sauti ya upole bila kukunja uso. Mkufunzi alisema uso wangu hasa ulihitaji mazoezi.

Masomo yalipokwisha, kila mmoja alirudishwa kwao akaanzishe klabu ya akina mama. Baadaye mkaguzi angekuja kuitazama. Ikimpendeza, unapata cheti na kazi ya serikali, baiskeli juu. Isipompendeza, huna cheti, na ule ualimu wako wa zamani keshapewa mtu mwingine. Mimi nilikuwa mjane mwenye watoto, nikikaa kwa shangazi yangu katika kijiji cha Hewani, kando ya mto. Nilikitaka cheti kile kuliko nilivyopata kumtaka mwanamume yeyote.

Klabu ilianza vizuri. Wanawake walikuja kwa kuwa mimi ni mtoto wao na kwa kuwa keki ilikuwa na sukari. Mtoto wa kwanza kuvishwa soksi za sufu katika joto letu alitokwa na vipele mpaka magotini. Mama yake alinirudishia kwa heshima, akisema huenda mguu wa mwanawe bado haujaendelea.

Kisha mto ukafurika, ukashuka, mpunga ukapandwa kwenye matope, ukaanza kutia maziwa ndani ya punje. Huo ndio wakati wa ndege wadogo wa mpunga. Wakitua kwenye shamba lisilo na mtu, asubuhi moja inawatosha kulimaliza. Wanaume huwafukuza viboko usiku kucha, na kukicha wamelala fofofo. Mchana ni wa wanawake na watoto: kila shamba na dungu lake, jukwaa la miti, na juu yake mama mwenye kombeo na debe bovu la kupiga. Msimu huo hata mazishini huenda nusu ya nyumba. Klabu ikabaki mimi na sufu yangu.

Hapo ndipo habari ilipofika kutoka mjini Garsen kwamba mkaguzi anakuja kesho kutwa, na anataka kuwaona akina mama wote na watoto wao. Nikapeleka ombi aje baada ya mavuno. Nikajibiwa kwamba ratiba yake haina mavuno.

Nilipanda dunguni kwa shangazi kumweleza. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu, cheo alichopewa kwa umri wake na ambacho hakuwahi kukitumia.

"Ukikikosa hicho cheti, utafanya nini?" akaniuliza, huku akirusha donge la udongo.

"Nitalima nanyi."

"Wewe hujui kulima, mwanangu. Tumekutazama."

"Nitajifunza. Msishuke, shangazi. Nakuomba."

Alichukua donge jingine.

Siku ya mtihani walishuka wote. Waliingia katika banda la klabu wamejifunga leso safi, watoto wao wamevikwa soksi, wakaketi mikekani. Nilitaka kuwafukuza warudi, lakini gari lilikwisha kusimama nje, na mkaguzi, mwanamke wa Kizungu mwenye kofia pana, alikuwa akishuka. Somo alilichagua mwenyewe: lishe bora.

Nikafundisha. Nilisimama mbele ya wanawake wale nikawauliza ni chakula gani kinachompa mtoto nguvu, nao wakanijibu kwa pamoja, "Wali." Mvumo wa mabawa ulikuwa ukisikika kutoka upande wa mtoni. Hakuna aliyegeuza kichwa. Aliyekwenda mlangoni kutazama ni mkaguzi.

"Iko ndege mingi sana hapa," akasema. "Mzuri sana. Nyinyi nafurahi."

"Tunafurahi, memsaabu," shangazi akamjibu.

Alionja keki, akabonyeza soksi, akayasifu mahudhurio, akaondoka.

Tulikwenda mashambani pamoja, bila kukimbia. Masuke yalikuwa bado yamesimama. Mama mmoja alikata suke, akalifikicha kiganjani, akapuliza, kikabaki kiganja. Walio na la kusema hawakulisema mbele yangu, na hilo liliniuma zaidi. Nilimchukia mkaguzi, nikakichukia chuo, nikaichukia sauti yangu mwenyewe ya upole.

Cheti kilikuja. Kilisema nimefaulu vizuri mno, hasa katika lishe bora. Nikapangiwa kazi Garsen na baiskeli nikapewa, huku Hewani watu wakichimba mizizi ya mayungiyungi kwenye madimbwi ili wapate cha kupika.

Mshahara wa kwanza niliumalizia dukani. Nilivusha gunia la mchele kwa kivuko, nikalipeleka nyumbani, nikalitua mbele ya shangazi na wenzake. Alilizunguka, akalipapasa, kisha akanitazama mimi, bila chuki.

"Basi mwaka huu tumekuvuna wewe," akasema. "Ungekuwa mpunga, tungepata zaidi."