Fagio ya Jirani na Verbe Cantar

Leo samedi, jumamosi, nimenunua sombe, majani ya muhogo, ku magasin. Iko ndani ya sachet, imegandishwa, machine ilisha kuitwanga. Nimefika ku appartement yangu ya Ganshoren, huku kwa Babelge, nimeitupa ku sufuria, na kazi imekwisha. Unaona? Mimi mwenye sipendagi kungoja, nilipaswa kufurahi. Lakini mikono yangu imebaki inatafuta muti ya kinu.

Turudi nyuma kidogo, rafiki. Nilikuwa na miaka quatorze, tunakaa Saint-Gilles, ku deuxième étage: mimi, mama, na koko, mama ya mama yangu. Mama alikuwa anasafisha ma-bureaux, anarudi viatu mukononi. Ku masomo nilikuwa sawa, isipokuwa espagnol, luga ya Espagne. Nilikuwa na haraka! Kusoma mustari moja, kufunga kitabu. Bon, verbe, neno ya kitendo, iko na bantu six: mimi, weye, yeye, sisi, ninyi, bao. Ya ninyi nilikuwa naisahau kila mara. Mara deux nilishindwa ubaoni. Mwalimu akasema: "Lundi, cantar, verbe ya kuimba, bila kosa. Ukishindwa tena, conseil de classe ya walimu itakutuma couture, ku masomo ya kushona."

Koko aliposikia, akaniangalia.

"Kushona ni kazi muzuri kwa mwenye aliichagua. Weye uliichagua?"

"Hapana, koko."

"Alors, shika muti."

Samedi ilikuwa siku ya sombe. Kinu yetu ilikaa juu ya matelas ya kukunjwa, ili isisumbue jirani ya chini, maman moja muzee ya Espagne. Kila samedi alikuwa anagonga plafond, dari yake, na fagio: nyamazeni! Koko hakujua neno hata moja ya espagnol, lakini akasema: "Kila pigo, neno moja. Muti ikishuka, useme."

Majani mabichi yalinukia nyumba yote. Canto, tup. Cantas, tup. Canta, tup. Cantamos, tup. Ya ninyi ikanikimbia. Muti ikabaki hewani.

"Mikono inaniuma," koko akasema. "Huyu muntu wa tano alikufa?"

Mara, kutoka chini: TUP!

"Amekasirika," nikasema.

"Alikasirikaka zamani. Anza tena."

Tukaanza. Nikakwama pale pale, na fagio ikagonga pale pale, TUP, na sauti ya ule maman ikapanda ku dirisha ya cour, inanipa ya ninyi, inaniita binti: "¡Cantáis, hija! ¡Cantáis!"

Koko alicheka mupaka akakaa chini. Tukatwanga watatu: sisi juu, yeye chini, na ya tano ilikuwa yake. Ile sombe ililainika kuliko zote. Nikamupelekea sahani, ya moto, na mafuta ya mawese. Sahani ilirudi imesafishwa, na orange trois ndani.

Lundi, ubaoni, nikaandika quatre, ya bantu bane ya kwanza, mbio mbio. Kisha craie ikasimama. Nyuma mutoto moja akanongona: "Voilà, couture!" Nikapiga kisigino ku plancher: tup. Cantáis. Cantan!

"Trabajar," mwalimu akasema, verbe ingine. Nikapiga, nikaandika. "Hablar." Nikapiga, nikaandika.

"Madame, ingine?" nikauliza.

Akafunga cahier. "Inatosha. Kaa chini. Umebaki kwetu."

Nilikimbia mupaka nyumbani, nikapiga kwanza mulango ya maman ya chini, kisha yetu.

Sasa koko alishalala ku udongo ya huku, yenye baridi. Maman ya chini alirudi kwao. Kinu iko ku cave ya mama, chini ya nyumba, imejaa viazi. Na sombe inakuja kimya, ndani ya sachet.

Nimeshika kijiko ya muti, nimegonga meza. Canto, cantas, canta, cantamos. Nimeacha nafasi. Hakuna kitu. Nimerudilia, nguvu zaidi. Nimerudilia tena, na jirani yangu ya chini, papa moja Mubelge mwenye hasalimiagi muntu, amegonga plafond yake: TUP!

Merci, papa. Cantan!