Maji Yaliyosubiri Ruhusa Kutoka Ng'ambo

Namshukuru Mungu kwa maji. Naanza hivyo kwa sababu haya yanayofuata hayana shukrani nyingi.

Kisima chetu, huku upande wa Zuzu, kilichimbwa na watu wa sadaka, na maji yakatoka matamu. Kisha ikaja kampuni kutusaidia kuyafungia. Waliweka bomba lisilo na koki. Ukitaka ndoo moja, unafungua programu kwenye simu. Simu inauliza kompyuta kuu iliyoko ng'ambo, ambako majina ya kaya zetu yamehifadhiwa. Kompyuta hiyo ikikutambua, inaliamuru bomba lifunguke. Maji yako chini ya miguu yako, na ruhusa iko katika nchi ambayo hujui hata watu wake wanaamkiana vipi. Siku ya uzinduzi watu walipiga makofi. Mimi niliona punda kavalishwa miwani.

Kiangazi kilichopita alifariki mke wa jirani yangu, mzee ninayesimama naye safu moja msikitini. Alifariki alfajiri, tukakusudia kumzika baada ya adhuhuri. Waosha walikuwa tayari, sanda imekatwa, udi unafuka. Mapipa ya nyumbani yalikuwa yamekwisha kwa chai ya waombolezaji. Yalibaki maji ya bombani.

Nilikuta watu wamelizunguka bomba, kila mmoja kainamia simu yake. Kwenye vioo kilizunguka kiduara, kisha maneno: jaribu tena. Wakajaribu tena, na tena. Mtaalamu wa kampuni, kijana msomi aliyeitwa kutoka mjini, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kompyuta mapajani.

"Shikamoo, shekhe. Poleni na msiba. Mfumo uko vizuri kabisa."

"Marahaba. Na maji?"

"Maji yapo. Mtandao ndio mdogo, seva inachelewa kujibu."

"Bomba lenyewe haliwezi kutukumbuka? Tunachota hapa kila siku."

"Hapana, shekhe. Taarifa lazima zikae sehemu moja. Bomba likiamua lenyewe, si salama."

"Salama kwa nani? Unaogopa marehemu atakimbia na ndoo?"

Watu wakacheka, hapo hapo msibani. Kijana hakucheka. Alisimama akainua simu juu ya kichwa chake kama mtu anayemwonyesha mwewe kifaranga.

Vijana wetu walitaka kukata bomba. Mwenyekiti wa kamati ya maji akawazuia. Mkataba, alisema, unaruhusu kampuni kuizima pampu ya kisima kutoka huko huko iliko. Mwanamume mzima, mwenye wajukuu, alilisema hilo bila aibu.

Adhuhuri ikapita. Mtu akanong'ona kwamba maiti anaweza kutayamamishwa kwa udongo. Mume wa marehemu alinishika mkono.

"Shekhe, usiruhusu hilo. Mke wangu kaishi kwenye vumbi maisha yake yote. Leo apakwe tena vumbi, na maji yanasikika ndani ya bomba?"

Hukumu naijua, nimeisomesha miaka mingi. Maji unayoyaona lakini huwezi kuyafikia ni sawa na maji yasiyokuwepo. Vitabu vinataja kisima kisicho na kamba, na adui aliyesimama njiani. Havikumtaja kijana mwenye kompyuta, lakini nafasi yake ilikuwa wazi. Hata hivyo, kabla ya udongo, maji hutafutwa.

"Tutafute kwanza," nikamwambia.

Jirani yetu mmoja, mama wa Kigogo anayeimba kwaya kanisani, alikuwa amesimama akisikiliza. Akafunga kanga kiunoni.

"Hayo ya kwenye simu mtamwogeshea mwakani," alisema. "Twendeni korongoni tukachimbe."

Wanawake wa dini zote mbili wakashuka na majembe na vidumu. Walichimba mchanga mpaka ukalia maji, wakayakinga kidogo kidogo kwa kibuyu, wakayachuja kwa kitambaa. Alasiri marehemu akaoshwa kama inavyotakiwa, mara tatu, ya mwisho kwa kafuri. Mwoshaji mkuu alipotoka mlangoni na mikono yake bado mibichi, mume alizitazama zile kucha zinazodondosha maji, akalia kwa mara ya kwanza siku ile. Alhamdulillahi.

Tuliporudi kutoka makaburini tulisikia mvumo. Bomba lilikuwa limefunguka, linamwaga. Mara zote ambazo watu walibonyeza simu tangu asubuhi zilikuwa zimefika ng'ambo kwa pamoja, na ile kompyuta yenye akili ilikuwa ikizitimiza moja baada ya nyingine, ndoo kwa ndoo, pasipo na ndoo.

"Mtandao umerudi, shekhe!" kijana akanipokea kwa furaha, viatu vyake vimezama matopeni.

"Nimeona. Lifunge."

Akabonyeza. Kiduara kikazunguka.

"Haliwezi kufungwa sasa, shekhe. Mpaka liishe lenyewe."

Mume wa marehemu alipita kati yetu bila kugeuza shingo, akaenda kukaa na wageni wake. Mbuzi walikuwa wamekwisha kusogea, wanakunywa.