Visanduku Vilivyosalimiana

Siku yangu ya kwanza kazini hapa Karatu, Mkurugenzi aliniambia, "Kazi yako ni dirisha. Linatuaibisha kwa wateja." Nikaomba ndoo na kitambaa. Nilikuwa na kidato cha nne na kozi fupi ya kompyuta, nikadhani kila mgeni huanzia kwenye usafi, na kwa vumbi letu lile vioo vilistahili. Nilikuwa kwenye kioo cha pili alipotoka nje, akacheka mpaka akashika mlango. "La kwenye kompyuta, bwana!"

Ofisi yetu ilitengeneza programu ya kutengenezea programu nyingine. Mtumiaji hakuandika maneno. Alivuta visanduku kwa mausi na kuviunganisha kwa mistari: hiki "fungua maji", kile "subiri", kile "funga". Wakulima wa vitunguu wa Mang'ola waliitaka ili wajipangie zamu kwenye malango ya mfereji wao, ambayo sasa yalikuwa na mota. Wakiikataa, ofisi ingefungwa. Mimi ni mtu wa nyumbani, lakini sikutaka kurudishwa nyumbani kwa namna hiyo.

Nikaandika sehemu ya kuchora dirisha, lile eneo la kioo cha kompyuta lenye visanduku, kwa moyo wote, kisha tukaenda Mang'ola kuionyesha. Mwenyekiti wa wakulima, mzee mwenye koti zito kwenye joto lile, akakivuta kisanduku. Mshale wa mausi ukafika. Kisanduku kikabaki nyuma, kioo kikapepesa.

"Subiri, mzee, kompyuta inafikiri," nikamwambia.

"Inafikiria nini? Mbona mimi nimeshafikiri?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama mmoja akaongeza, "Huyo ni shemeji yangu kabisa. Ukimwita shambani, anafika tumeshavuna."

Natamani ningeweza kusema nilicheka nao. Niliangalia viatu vyangu.

Mkurugenzi akanivuta pembeni, akafungua kazi yangu na kuisoma. "Hiki kikisogea, kwa nini unaviamsha vyote vijichore upya?"

"Nilidhani ndiyo adabu, bosi." Ndivyo nilivyojibu, Mungu ananisikia. Kwetu ukiingia kwa watu unasalimia wote hadi mtoto wa mgongoni, nami nilikuwa nimeandika hivyo hivyo: kisanduku kimoja kikitikisika, kinapiga hodi kwa kila kingine, na kila kimoja kinaitikia kwa kujichora.

"Kompyuta haina wakwe," akasema. "Chora palipoguswa tu. Pengine paache."

Tukaketi chumba cha stoo, kwenye harufu ya vitunguu, tukarekebisha. Dirisha likachora upya lile eneo dogo lililobadilika. Picha tukaiandaa kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta, mahali macho hayaoni, ikija kwenye kioo ije mara moja bila kupepesa.

Mwenyekiti akavuta tena. Kisanduku kikamfuata mkono. Akakunja uso. "Haraka hivi? Hii inatudanganya." Akabonyeza "fungua maji", akaondoka mwenyewe kwa miguu hadi langoni. Aliporudi, suruali ilikuwa imelowa hadi magotini.

"Tunaichukua," akasema. "Ila huyu wa kuchelewesha abaki kwetu msimu mzima. Ikituchelewesha, tumwone usoni."

Nikampigia mke wangu nikitegemea pole. "Kaa huko huko," akasema. "Kitanda kimepata nafasi."

Nilikaa. Baadaye nikapelekwa Digodigo, kwenye mifereji mingine, chini ya wakurugenzi waliofuata, nikinung'unika safari nzima. Nikapanda hadi Mkuu wa Kitengo cha Madirisha, cheo ambacho mke wangu hakitamki bila kucheka.

Sasa nimestaafu. Vijana wa mtaani wananiita mtaalamu wa kasi na kuniuliza siri. Naona haya kuwajibu, kwa sababu kila dirisha nililoliharakisha, niliondoa tu kazi ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeirundika. Na mshahara niliupokea kwa kuiweka na kwa kuiondoa.