Chaki Ilikuwa ya Mke Wangu

Mke wangu ni fundi cherehani, na ninaandika haya kwa ruhusa yake, ingawa ameniambia nisijitie ujuaji. Chumba chake cha kazi ndicho sebule yetu. Tangu tuoane sijakaa kwenye kiti bila kwanza kukipapasa, maana pini hazina adabu. Mimi ni karani wa posta tu, mtu wa mihuri. Mwenye kipaji nyumbani ni yeye, na analijua hilo.

Zamani alifanya kazi na dada yangu, kitinda mimba wetu. Walikuwa mawifi wa ajabu: hawakugombana. Mke wangu alichora kitambaa kwa chaki, dada yangu akakata, kisha wakashona pamoja, mmoja akianzisha wimbo na mwingine akiudaka. Nikirudi kazini niliwakuta wananisengenya, na hata nikiingia hawakunyamaza.

Ndipo akina mama wa kanisa wakaleta mahameli nyekundu ya majoho ya kwaya, kwa ajili ya siku ya kufungua jengo jipya. Mahameli ina vinyweleo, na ina tabia zake. Ukiipapasa kushuka ni laini, kupanda inakwaruza, na rangi yake hubadilika kufuatana na upande. Vipande vyote sharti vielekee upande mmoja. Mke wangu alilijua hilo kuliko mtu yeyote mtaani. Lakini siku ile aliogopa kuchelewa maombi, kitambaa kikaonekana hakitatosha, akafanya kama anavyofanya kwenye pamba isiyo na upande: akachora baadhi ya mikono ya majoho kichwa chini ili kubana nafasi. Akashika Biblia yake, akaondoka. Dada yangu akakata palepale alipochorewa.

Sebuleni, kwenye mwanga hafifu, hakuna aliyeona kitu. Jumapili ya ufunguzi, kwaya iliposimama penye madirisha makubwa, kila mwimbaji alikuwa na mkono mmoja mwekundu na wa pili kama umelowa maji. Watoto wakacheka. Mwenyekiti wa akina mama hakucheka. Aliuliza nani amekata vitambaa, na mke wangu akajibu, "Mkasi alikuwa nao wifi."

Ni kweli, mkasi alikuwa nao. Ndiyo maana maneno yale yalimtoka kirahisi.

Dada yangu hakubisha. Yeye ndiye aliyekitandika kitambaa mezani, akaamini kwamba alikikunja vibaya. Aliomba radhi mbele ya akina mama wote, na wiki ile ile akaacha ushonaji, akapata kazi ya kufua mashuka kwenye zahanati. Nami, kaka mtu, nilimfariji kwa kumwambia kila mtu ana fungu lake. Maneno hayo yananichoma mpaka leo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya mke wangu ilichukua miaka sita, na aliipita kwa magoti. Alifunga Jumatano, akafunga Ijumaa, akachaguliwa kiongozi wa maombi. Nilikula chakula baridi nikimtania kwamba malaika wanamfahamu kuliko mimi. Nilijivunia. Sikujua anakimbia nini.

Alhamisi moja, katika maombi ya akina mama, dada yangu alisimama akaomba aombewe. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya kujifunza ushonaji, naye amemkatalia. Alisema anaogopa mtoto amerithi mikono yake mibovu, aje kuaibishwa mbele za watu kama yeye. Mke wangu, kama kiongozi, alimwekea mkono kichwani. Akafungua kinywa. Akamtaja dada yangu, akaishia hapo. Mama mwingine akamalizia sala.

Alifika nyumbani akaketi bila kukagua kiti, nami nikajua pana jambo. Alinieleza yote, kuanzia chaki. Nilikasirika, sifichi, yule ni dada yangu, nimembeba mgongoni. Alipomaliza alisema atafunga siku tatu kwanza, Mungu amsafishie njia.

"Mungu hukumsingizia," nikamwambia. "Uliyemsingizia anakaa mtaa wa pili."

Alilia sana. Kisha akaenda kumwona mchungaji akaweka chini uongozi, akarudi akaniomba nimsindikize. Sikuwa na moyo wa kumwacha aende peke yake. Nilikuwa nimemkasirikia, na nilikuwa nampenda, vyote kwa wakati mmoja.

Jumamosi asubuhi tulimkuta dada yangu uani, mikono ndani ya beseni la nguo. Alitukaribisha, akataka kuinuka atuletee viti. Mke wangu akamzuia, akapiga magoti palepale kwenye maji ya sabuni.

"Wifi, chaki ilikuwa yangu," alisema. "Mikono ya majoho niliigeuza mimi. Nilijua tangu siku ile kanisani, nikakuacha uaibike."

 Dada yangu alikamua shati, akalikung'uta, akalianika kwa utulivu mpaka nikaogopa. Kisha akasema, "Miaka sita nimetubu dhambi ambayo si yangu."

"Najua. Nimekuja kuichukua. Kesho nitasema mbele ya akina mama wale wale."

"Utasema," dada yangu alijibu. "Na mimi nitakaa mbele nisikie. Kukusamehe nitakusamehe, wifi, lakini usiniharakishe."

Mke wangu akakubali kwa kichwa. Hakutaja mstari wa Biblia hata mmoja, yeye mwenye mstari wa kila kitu. Alikaa pale chini, gauni limelowa, akapokea alichopewa.

Ndipo tukaona mlango umefunguka nusu. Mpwa wangu alikuwa amesimama hapo, amesikia yote. Ana miaka kumi na saba na kwa kawaida ana maneno mengi kama redio, lakini sasa alikuja taratibu, akachuchumaa kando ya beseni, akaishika mikono ya mama yake iliyokuwa inachuruzika povu. Akaigeuza juu na chini.

"Kwa hiyo, mama," akauliza, "mikono yetu ni mizima?"

Dada yangu akaitazama kama mtu aliyerudishiwa kitu chake asikitambue.  Mke wangu ndiye aliyemjibu binti.

"Ni mizima, mwanangu. Ilikuwa mizima siku zote."